Anayesema Amekwisha Kufa: Sauti ya Mwenye Virusi katika Tamthilia ya Kiswahili

1. Utangulizi

Katika tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 2006 na kusomwa tangu hapo na wanafunzi wengi wa shule za sekondari nchini Tanzania, msichana aitwaye Furaha amekufa kwa UKIMWI na ameacha barua. Barua hiyo inatakiwa isomwe mazishini mwake. Habari zimekwisha enea kijijini kwamba ndani yake mna orodha, na wanaume kadhaa wanaamini kwamba ni orodha ya majina, na kwamba majina yao yamo. Wenye heshima zao wanahangaika, vijana wanahangaika, na padri naye hana utulivu. Barua inaposomwa, majina ya watu hayamo. Yaliyomo ni mambo ambayo yangaliweza kuyaokoa maisha ya Furaha.

Mgeuko huo wa mwisho umesifiwa, na unastahili sifa. Mtunzi amewakamata watazamaji pamoja na wahusika: wote walikuwa wakingoja majina, wote wakajikuta wamefundishwa. Hata hivyo liko swali ambalo wahakiki na walimu huliruka kwa haraka ili wafike kwenye dhamira na mafunzo. Kwa nini ilimlazimu Furaha afe kwanza ndipo kijiji kizima kimsikilize?

Swali hili haliihusu Orodha peke yake. Mwaka 1990 Ibrahim Ngozi alitoa tamthilia juu ya ugonjwa huu, na jina aliloipa ni Ushuhuda wa Mifupa. Shahidi, basi, ni mifupa. Katika Kilio Chetu, tamthilia iliyotolewa katikati ya miaka ya 1990 kwa jina la Medical Aid Foundation na kuchapishwa na Tanzania Publishing House, kijana Joti anaugua na kufa, na kifo chake ndicho kinachowafumbua macho wazazi waliokataa kuzungumza na watoto wao juu ya mambo ya kijinsia. Kazi hizi tatu zinatofautiana kwa fani na kwa ustadi. Zinafanana kwa jambo moja: mwenye virusi hupata mamlaka ya kusema mbele ya jamii pale anapokuwa hawezi tena kujibiwa.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo. Kwanza yataonyesha hali ambamo umbo hilo lilizaliwa. Pili yatatazama jinsi lugha yenyewe, kwa vitenzi na vihusishi vyake, inavyoliunga mkono. Tatu yatauliza ni umbo gani jingine linaloweza kuifaa jamii ambamo mtu aliyepimwa na kukutwa na virusi anaweza kuishi hadi uzee.

2. Hali iliyozaa umbo la mazishi

Haitakuwa haki kuwahukumu watunzi wa miaka ya 1990 bila kukumbuka walichokuwa wakikiona. Historia ya ugonjwa huu imeunganika na Kongo kwa namna ya pekee. Sampuli ya damu ya zamani kuliko zote zinazojulikana kuwa na virusi hivyo ilichukuliwa mwaka 1959 katika mji ulioitwa wakati ule Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba virusi vilianza kuenea katika mji huo mnamo mwaka 1920, na kwamba njia za reli zilivifikisha Mbuji-Mayi na Lubumbashi miongo mingi kabla dunia haijavipa jina. Mwaka 1984 ulianzishwa mjini Kinshasa, katika hospitali ya Mama Yemo, mradi wa utafiti uliojulikana kwa jina la Projet SIDA. Mradi huo ulisaidia kuthibitisha kwamba virusi huambukizwa pia kati ya mwanamume na mwanamke. Uporaji wa Septemba 1991 ukaukatiza.

Katika miaka hiyo matokeo ya kipimo yalikuwa kama tangazo la msiba. Dawa za kwanza zilikuwa chache na ghali. Matibabu ya dawa tatu kwa pamoja yalipoonekana kufaa mwaka 1996, mgonjwa wa Lubumbashi au wa Bukoba hakuyaona. Mwaka 2001 tu ndipo kampuni ya Cipla ya Uhindi ilipotangaza bei iliyopungua dola moja kwa siku, na mwaka 2002 Mfuko wa Dunia ukaanzishwa. Kabla ya hapo, mtunzi aliyemwua mhusika wake hakuwa akitia chumvi. Aliandika alichokiona jirani.

Tena kazi hizo zilikuwa na mtumaji na lengo. Kilio Chetu haina jina la mtunzi mmoja juu ya jalada. Ina jina la shirika. Ni fasihi iliyoagizwa, iliyokusudiwa kumzuia asiyeambukizwa asiambukizwe. Kwa lengo hilo hofu ilidhaniwa kuwa mwalimu mzuri, na mwisho wa kusikitisha ulionekana kuwa ndio mwisho wa kweli. Wahakiki waliozoea kupima fani na maudhui waliridhika: maudhui yalikuwa mazito, fani iliyatumikia, hadhira ilielewa.

Lakini hadhira ipi? Hapa ndipo penye kasoro. Kila kazi ya sanaa huwa na mtazamaji inayemdhania. Tamthilia hizi humdhania mtazamaji ambaye bado hajapatwa na jambo, ambaye anaweza kuonywa akaonyeka. Katika ukumbi wowote wa Dar es Salaam, wa Goma au wa Lubumbashi, ameketi pia mtazamaji mwingine, aliyepimwa mwezi uliopita na kurudi nyumbani na karatasi mfukoni. Mchezo haukumwekea kiti. Kila anapomtazama mhusika anayefanana naye, anamwona akibebwa. Akitoka ukumbini ameambiwa jambo moja tu: kwamba siku watu watakapojua habari zake, siku hiyo ndiyo ya mazishi yake.

Wakati hauwezi kutumika kuwa udhuru wa daima. Orodha ilipochapishwa kwa Kiswahili mwaka 2006, Tanzania ilikuwa imekwisha anza, tangu mwaka 2004, mpango wa taifa wa kuwapa wagonjwa dawa za kupunguza makali ya virusi. Umbo la mazishi liliendelea kuishi baada ya sababu yake kuanza kupungua. Linaendelea kuishi katika michezo mifupi ambayo vikundi vya wanafunzi huonyesha tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani: kijana mwenye fedha, baa, msichana, blanketi, kikohozi, jeneza, na mhadhiri wa kufunga.

3. «Na» mbili za Kiswahili

Umbo hilo lina msaada katika sarufi. Tazama vitenzi ambavyo Kiswahili hutumia kumsema mtu mwenye virusi. Kinachotumika zaidi ni kuambukizwa. Ni kitenzi cha kutendwa, na kitenzi cha kutendwa katika Kiswahili huacha nafasi wazi baada yake, nafasi ya mtenda. Msikilizaji akisikia «ameambukizwa», masikio yake hungoja neno «na», na baada ya «na» hungoja jina. Ameambukizwa na nani? Swali haliletwi na umbea peke yake. Linaletwa pia na umbo la kitenzi.

Kijiji cha Furaha ni kijiji kinachoijaza nafasi hiyo. Kimepewa kitenzi cha kutendwa, nacho kinatafuta mtenda. Ndiyo maana neno «orodha» linapotajwa, hakuna anayeuliza ni orodha ya nini. Wote wanajua, au wanadhani wanajua, kwamba ni majina yanayofuata «na». Uzuri wa barua ni kwamba inakataa sarufi hiyo. Mahali palipongojewa majina ya watu, inaweka majina ya mambo. Katika kitendo hicho kimoja tamthilia ya Reynolds imeshinda tamthilia nyingi za aina yake, kwa kuwa imeonyesha kwamba kumtafuta mtenda ni njia ya jamii ya kukwepa kujitazama.

Kitenzi cha pili ni kuathirika, ambacho kimezaa jina «mwathirika». Hiki ni kitenzi cha kutendeka: mtenda ameondolewa kabisa, na kilichobaki ni hali. Kwa muda mrefu neno hilo lilihesabiwa kuwa la adabu. Lakini mtu aliyeitwa mwathirika amegandishwa ndani ya jambo lililompata. Watu hawamwiti mtu «mvunjika» kwa sababu aliwahi kuvunjika mguu. Vyama vya watu wenye virusi vilipolikataa jina hili, havikuwa vikichezea maneno. Vilikataa kufanywa ngeli.

Maneno yaliyochaguliwa badala yake ni «mtu anayeishi na virusi». Wengine huyaona marefu na ya kiofisi, na ni kweli kwamba si mafupi. Lakini yafaa kuisikiliza «na» iliyomo. Si ile ya mtenda. Ni ile ya mwandamani. Anaishi na mume wake, anaishi na watoto wake, anaishi na mama mkwe wake aliye mkali, anaishi na virusi. Kiswahili kina silabi moja kwa mambo mawili: «na» inayotafuta wa kulaumiwa, na «na» inayotaja tunaokaa nao nyumba moja. Kutoka «ameambukizwa na» hadi «anaishi na» ni safari ndefu, ingawa silabi haikubadilika. Tamthilia ya Kiswahili imeijua vizuri «na» ya kwanza. Ya pili bado haijaiandikia onyesho.

Majina ya mitaani nayo yanasimulia habari hiyohiyo. Mkoani Kagera, ugonjwa ulipoanza kuonekana katika miaka ya 1980, watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyoletwa kutoka Uganda. Baadaye Dar es Salaam ilisema juu ya mtu kwamba amekanyaga miwaya, au kwamba ana ngoma. Kinshasa iliipindua herufi za SIDA katika Kifaransa kuwa ugonjwa wa kubuniwa wa kuwakatisha tamaa wapendanao. Mzaha huu wa mwisho ulichekesha, na uliwagharimu wengi. Majina yote haya humkinga msemaji: humwezesha kutaja bila kutaja. Anayesemwa hapati kinga. Akiingia mahali watu wakabadilisha neno, anajua kwamba neno lililobadilishwa lilikuwa lake.

Kiswahili sanifu kimempa tabia hiyo jina, nalo ni unyanyapaa. Ni neno lenye nguvu, kwa kuwa lina kinyaa ndani yake. Unyanyapaa ni kumtazama mwenzako kama kitu kilichooza. Kwa wasemaji wengi wa Lubumbashi neno hilo ni la vitabuni, la Kiswahili bora. Wao husema kumtenga mtu au kumkimbia. Tofauti hiyo si upungufu. Neno moja lataja kilichomo moyoni mwa mtendaji, la pili lataja miguu yake. Mtunzi wa jukwaani, ambaye hana chombo kingine ila miili ya waigizaji, angefaidika zaidi na neno la Lubumbashi: kukimbia kunaonekana.

4. Kutangaza, kuungama, kuambia

Kazi ngumu kuliko zote kwa mwenye virusi ni ile ambayo lugha imeipa majina mengi bila kuipa moja linalotosha. Watu husema kujitangaza, na kitenzi hicho ni cha mfanyabiashara na cha mgombea wa uchaguzi. Husema kujiweka wazi, kana kwamba mtu alikuwa mlango. Husema kutoa siri, na anayetoa siri husutwa. Husema hata kuungama, na anayeungama ametenda dhambi. Katika kila neno mna hukumu iliyotangulia mazungumzo.

Orodha inalijua tatizo hili zaidi ya inavyodhaniwa. Padri amewekwa katikati ya mchezo, na padri ndiye mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza maungamo. Hapa mambo yamepinduliwa: msichana ndiye aliyeandika, na padri ndiye anayeogopa kitakachosomwa. Lakini barua yenyewe si ungamo, wala si mashtaka. Ni maelezo ya mtu aliyekwisha kufikiri. Huo ndio usemi ambao tamthilia ya UKIMWI imekuwa ikiuhitaji, nao umewekwa katika kinywa kisichoweza kuulizwa swali la pili.

Nje ya tamthilia wako waliosema wakiwa hai. Mwaka 1987 Franco Luambo Makiadi alitoa wimbo Attention na Sida, kwa Kilingala na Kifaransa. Wimbo huo unayageukia makundi mbalimbali ya jamii na kuyaonya. Nafsi inayotawala ndani yake ni ya pili: ninyi. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya wa Uganda alitangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe ana virusi, akaenda shuleni na makanisani kusema hivyo, akafa Desemba mwaka huohuo. Nafsi yake ilikuwa ya kwanza: mimi. Baina ya miaka hiyo miwili sanaa ya Afrika ya Kati na Mashariki ilivuka mpaka mkubwa, kutoka kuonya hadi kushuhudia. Tamthilia ya Kiswahili iliyofuata haikuuvuka pamoja nayo. Ilirudi kwenye nafsi ya tatu: yeye, marehemu.

Hata hivyo ushujaa wa Lutaaya haufai kufanywa sheria kwa kila mtu. Kutangaza mbele ya umati ni aina moja tu ya kusema, na ni ile iliyo adimu. Kwa wengi jambo hutokea kwa sauti ya chini: mke anamwambia dada yake, si mume wake, kijana anamwambia muuguzi, halafu mama yake baada ya miezi sita, mwanamume hamwambii mtu ila huanza kuficha chupa ya vidonge ndani ya mfuko wa unga. Mtu huchagua nani, lini, kwa maneno gani, na uchaguzi huo ni haki yake. Sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008 juu ya haki za watu wanaoishi na virusi inalinda siri ya hali ya mtu na inakataza ubaguzi. Sheria hiyo ilikuwa pia na kifungu kilichomwadhibu aliyeambukiza kwa makusudi. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2018, baada ya watetezi kuonyesha kwamba kiliwatisha watu wasipimwe, kwani asiyepimwa hana analojua na hawezi kushtakiwa. Sheria, kwa njia yake, ilikuwa imeanguka katika shimo lilelile la kijiji cha Furaha: ilitafuta jina baada ya «na».

Jukwaa hupenda umati. Mazishi, baraza na harusi ni maonyesho rahisi, kwa sababu watu wote wamekusanyika na neno moja linaweza kuwashtua wote pamoja. Chumba chenye watu wawili ni kigumu zaidi. Lakini ndicho mahali ambapo jambo hili huamuliwa, na mtunzi asiyeweza kuwaweka watu wawili chumbani na kuwaacha wakae kimya kwa muda hawezi kuandika juu ya kuambiana.

5. Nyakati za kitenzi na dawa ya kila siku

Tangu Orodha ichapishwe, utabibu umeyageuza masharti ya hadithi. Mwaka 2011 utafiti uliowahusu wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana ulionyesha kwamba matibabu ya mapema hupunguza maambukizi baina yao kwa asilimia 96. Tafiti nyingine, zilizotolewa mwaka 2016 na 2019, hazikupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa na dawa hadi visionekane kwa kipimo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayekutwa na virusi aanze dawa mara moja, bila kungoja kuugua. Wasio na virusi nao, walio katika hatari, wanaweza kupewa dawa ya kinga.

Matokeo ya mambo haya kwa fasihi ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mtu anayeishi na virusi na kunywa dawa zake sawasawa anaweza kuoa, kuzaa mtoto asiye na virusi, kuzeeka, kugombania kiwanja na jirani yake, na kufa kwa ajali ya baiskeli. Hadithi yake haina kilele kilichopangwa. Ina asubuhi nyingi zinazofanana.

Tamthilia za mazishi zimeandikwa kwa wakati wa -li- na wa -me-: alipenda, alidanganywa, amekufa. Maisha pamoja na virusi huandikwa kwa hu-: huamka, hula, hunywa dawa. Kiswahili cha Lubumbashi kina kiambishi chake cha mazoea, -ka mwishoni mwa kitenzi, na mtu wa Kenya au wa Katuba akisema juu ya jirani yake kwamba «anakunywaka dawa», amesema kwa silabi moja jambo ambalo tamthilia nzima haijalisema: kwamba jirani alikunywa jana, atakunywa kesho, na kwamba ni desturi yake kama kufagia ua. Wanasarufi walizoea kukihesabu kiambishi hicho miongoni mwa dosari za Kiswahili cha mjini. Hapa kinafaa kuliko vingi vya Kiswahili bora.

Lakini desturi hiyo haimtegemei mnywaji peke yake, na hapo ndipo mtunzi wa leo angekuta mgogoro wa kweli. Dawa hutoka mbali. Hupita forodhani, ghalani, kwenye barabara mbovu, hadi kwa muuguzi ambaye pengine hajalipwa. Mjini Kinshasa, tangu mwaka 2010, vilianzishwa vituo vya ugawaji viitwavyo PODI, ambamo watu wanaoishi na virusi wenyewe huwapokea wenzao na kuwapa dawa, ili mtu asipoteze siku nzima hospitalini wala asisimame mahali ambapo jirani atamwona na kuuliza. Katika kituo cha namna hiyo hakuna anayelazimika kujitangaza, kwa kuwa anayegawa na anayepokea wako katika hali moja. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki na vyama vingi barani Afrika vilitikisika kwa siku chache tu, na ilidhihirika kwamba «anakunywaka» ya mtu wa Lubumbashi inaweza kukatwa na kalamu iliyo mbali naye maelfu ya kilomita.

Katika tamthilia za zamani adui alikuwa mwanamke wa baa, au tajiri mzinzi, au mzazi mkaidi. Kila mara alikuwa mtu, na kila mara alitafutwa kwa kitenzi cha kutendwa. Rafu tupu ya duka la dawa haijapata kuwa adui katika tamthilia hizi. Wala safari ya mama anayepanda pikipiki hadi kituo cha afya akaambiwa arudi wiki ijayo. Hizi ndizo habari ambazo watazamaji wanazijua, na ambazo wanapoziona jukwaani hawatahitaji mhadhiri wa kuwafafanulia.

6. Hitimisho

Haikusudiwi hapa kuwaambia walimu waiondoe Orodha darasani. Ifundishwe. Lakini ifundishwe pamoja na swali lililoulizwa mwanzoni, na wanafunzi wapewe kazi ambayo mtunzi hakuifanya: kuiandika siku ambayo Furaha, akiwa hai, angemsomea mama yake barua ileile jikoni, na mama angejibu. Mwanafunzi atakayejaribu ataona mara moja ugumu wake. Maneno yaliyokuwa mazito mazishini yatakuwa marefu mno jikoni. Mama atamkatiza. Atauliza kama amekula. Atauliza dawa huchukuliwa wapi, na nauli ni kiasi gani.

Lubumbashi ina mapokeo ya mchezo wa kubuni papo hapo katika Kiswahili cha mjini. Kundi la Mufwankolo, ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990, lilionyesha kwamba waigizaji wanaweza kulijadili jambo zito, kama vile mamlaka, bila kuandikiwa neno hata moja, kwa kutumia usemi wa watu wenyewe. Mapokeo hayo yanafaa kwa jambo hili kuliko hotuba iliyoagizwa, kwa kuwa katika mchezo wa kubuni hakuna anayesema bila kujibiwa.

Ushuhuda wa mifupa umekwisha sikika kwa miaka zaidi ya thelathini. Ulikuwa wa kweli katika siku zake, na waliouandika walikuwa wakiwazika watu wao. Kinachongojewa sasa ni tamthilia ambamo mwenye virusi anaingia onyesho la kwanza akiwa mzima, anasema, anajibiwa vibaya, anajibu tena, na pazia linapofungwa bado yumo jukwaani, anatafuta maji ya kunywea dawa yake ya jioni.